Nafasi ya Nyaya Mbili

Nguzo ni moja, jamani, na ina nafasi ya nyaya mbili.
Ndivyo nilivyoanza, Jumanne, chumba cha halmashauri
pale Hólmavík, viatu vyetu mlangoni
vikivujisha theluji sakafuni.
Mimi si diwani. Mimi ni Hallbera, fundi wa umeme;
niliitwa nieleze, si niamue.
Lakini anayeeleza matundu ndiye anayechagua magari,
na mle ndani kila mtu alilijua hilo.

Nikaweka mezani vichwa vitatu.
Cha kwanza kinene, mviringo, kina mkono wa kubana
kama bomba la kupulizia rangi. Kilizaliwa Japani,
na waliokibuni walikipa jina lenye utani wa chai:
gari likinywa, nawe unywe.
Cha pili cha Ulaya, uso mpana juu,
na chini yake matundu mawili makubwa
kama mtu aliyeshangaa mara mbili.
Cha tatu chembamba, cha Amerika;
Ketill alikigeuzageuza kama kijiko akakirudisha.
Huku hakuna gari lenye tundu lake.

Hesabu nilikuwa nayo.
Magari thelathini na moja, na manne tu
yanataka kile cha chai.
Waya wa pili wa Ulaya ungemaliza foleni ya Julai,
watoto wakilia viti vya nyuma,
wazazi wakizozana kwa Kijerumani mbele ya duka la ushirika.
"Wengi wape," akasema Úlfar,
akaifunika kalamu yake kabla hatujapiga kura.

Manne.
Ni neno jepesi mpaka uyataje:
la mwalimu wa kuogelea;
la mfuga farasi anayenidai nami namdai;
lililokuwa langu, nililomuuzia shemeji mwezi wa tisa
bila kumwambia nilichokuwa nakijua;
na lile la bluu, la Steinvör.

Kila Jumatano Steinvör hushuka kutoka Drangsnes
na makasha ya vitabu vya maktaba.
Betri imechoka. Zamani ilipanda mlima na kurudi,
sasa ikipanda, hairudi mpaka inywe.
Basi huchomeka, huingia dukani, huagiza kahawa.
Dakika arobaini. Kisha mashamba ya mbali
hupata riwaya zao.

Alikuja kikaoni na droo.
Droo nzima, ameing'oa kabatini,
akaitua katikati ya vichwa vyangu vitatu:
chaja za simu zilizokufa, nyaya za kamera,
kitu cha kinyozi kisicho na mwenyewe,
vyote vimesokotana kama matumbo.
"Kila kimoja," akasema, "niliambiwa ndicho cha mwisho.
Sikuja kulalamika. Nataka kujua tu,
hiki mnachokichagua leo
nikiwekee nafasi kiasi gani humu?"

Tulicheka. Nami nilicheka.
Kisha nikapendekeza nyaya mbili za Ulaya,
kwa sababu ni kweli, kwa sababu ya foleni,
kwa sababu vipuri vya kile kingine
nimevisubiri tangu Pasaka.
Mikono mitano juu. Ketill akajikuna shingo,
wakamhesabu naye.

Ijumaa nikaukata umeme, nikaufungua ule waya.
Mzito, usiopindika kwa baridi;
niliubeba mikononi
kama mwanakondoo aliyezaliwa usiku mbaya.
Ulipaswa kwenda jalalani. Uko nyuma ya gari langu.
Nikikata kona huteleza, hugonga ubavu wa kulia;
nikinyoosha, hurudi, hugonga wa kushoto.

Jumatano iliyofuata gari la bluu
lilisimama palepale, chini ya nguzo, pua ukutani.
Steinvör akashuka, akautazama waya mpya,
akaushika kichwa, akakipima mkononi.
"Chepesi," akasema, na kukitundika vizuri
kuliko wanavyokitundika wenye magari.
Kisha akaingia dukani.
Nilihesabu kupitia kioo, sijui kwa nini nilihesabu.
Dakika arobaini.
Akatoka, akageuza gari, akarudi Drangsnes,
na makasha mawili hayakushuka.