Punje Isiyo na Daraja

Niliigusa nikioga, Jumanne,
ndoo nusu, maji ya Kitangari si ya kuchezea.
Sabuni ikateleza kinenani, upande wa kushoto,
ikapanda juu ya kitu.

Nikasimama mpaka povu likanikaukia.

Mimi Ausi Nalinga, mpima korosho wa chama cha msingi,
miaka kumi na minane natia mkono guniani
na kutoa neno: hii kavu, hii ina unyevu,
hii ya mwaka juzi imefichwa chini ya mpya.
Vidole hivi hakuna mkulima aliyewahi kuvidanganya.
Sasa vimeshika punje moja chini ya ngozi yangu
na havisemi.

Ukubwa: korosho iliyobanguliwa, nzima, si kipande.
Ukiisukuma inateleza kidogo, inarudi.
Haiumi. Ingeuma ningelala.

Usiku nikapitia majina ya kijiweni,
ngiri, busha, na lile jingine
ambalo baba mdogo Lipande alikwenda nalo Dar es Salaam
wakarudishwa wote wawili ndani ya sanduku moja.
Hilo sikulitaja hata kimoyomoyo. Nililiruka
kama dimbwi gizani, kwa kukisia.

"Mbona siku hizi unaoga mara mbili?"
Vumbi la ghalani, nikamwambia Somoe.
Siku tisa, vumbi la ghalani.

Siku ya kumi akaishika yeye.
Mkono wa mke hauombi kibali.
Hakupiga kelele. Alikaa kitako, akafunga kanga upya,
akasema, "Kesho mnada utapita bila wewe."

Zahanati. Benchi moja, wajawazito sita na mimi.
Na tabibu, kumbe, ni Fidea, binti wa Chilumba,
Chilumba yuleyule niliyemkatalia magunia manne msimu uliopita
mbele ya watu.

Nilishashika mkanda.
"Kwanza vua kiatu," akasema.

Kiatu?

Akainama. Kati ya kidole gumba na jirani yake
kidonda nilichokisahau, kisiki cha mkorosho, wiki ya tatu.
Akakibonyeza, nikaruka.
"Hapa palilia, kule pakaitika.
Huenda ni mtoki tu."

Huenda. Neno hilo nalijua,
nimewapa wengi, wakaenda nalo nyumbani.

Kisha suruali. Nikatazama kalenda ukutani,
mwezi wa Agosti, na sisi tuko Novemba.
"Kohoa." Nikakohoa. "Tena."
Nje ya pazia Somoe naye akakohoa.
Fidea akapima kwa rula ya mwanafunzi, akaandika,
akauliza habari za jasho la usiku, za uzito,
za mambo ambayo mtu hamjibu binti wa jirani.
Nikamjibu.

Vidonge vya siku saba. "Baada ya wiki mbili urudi.
Ikiwa bado ipo, nakuandikia Ndanda
wachukue kipande wakitazame."

Magunia hakuyataja. Niliyataja mimi.
"Yalikuwa na unyevu," akasema, anafunga kidonda.
"Nilimwambia baba ayaanike."

Leo siku ya sita. Kidonda kinakauka pembeni.
Ile punje asubuhi imepungua,
jioni ni ileile.
Somoe ameniruhusu kuigusa mara moja kwa siku.

Ghalani mama mmoja wa Mnyambe ameleta gunia lake.
Nimetia mkono. Ananitazama usoni, anangoja.
Mkono umekaa mle ndani
muda mrefu.