Ukurasa wa 412

Kitabu ni kizito kama tofali, ngozi imechanika mgongoni,
na mkutubi, Bi. Arlys, ananikabidhi kwa mikono miwili
kama anayempokezana mtu mtoto aliyelala.
Nje theluji ya Machi, ile chafu, haijaamua kuondoka.

Waliolipa dola kumi na tano waliandikiwa maisha yao.
Walioongeza ishirini walichorwa na sura.
Babu wa babu yangu, Halvor Brekkestad, alilipa zote:
huyu hapa, ndevu zimechanwa, jicho moja lamkagua msomaji.

"Alifika Dakota na shoka na senti sabini.
Aliikuta nchi tupu.
Aliivunja ardhi kwa mkono wake pekee."

Tupu. Lakini aya mbili mbele, kwa kujisahau,
kitabu chasema alinunua farasi kwa Wadakota waliopiga kambi mtoni.
Basi utupu ule ulikuwa na farasi,
na wenye farasi,
na bei.

Mke kapewa mstari mmoja, mwishoni, baada ya ng'ombe:
"Alimwoa Gunhild; wakajaliwa watoto saba, watano wangali hai."
Saba toa watano. Hesabu ya darasa la kwanza,
nami nimekaa nayo tangu saa nne asubuhi.

Ndipo Bi. Arlys, bila kuombwa, analeta daftari la duka,
la madeni, lingali linanuka mafuta ya taa.
Mwenye duka hakuwa mwandishi. Hakumsifu mtu.
Aliandika kilichoingia na kilichotoka:

Bi. Brekkestad, mayai dazeni nne. Deni la plau.
Bi. Brekkestad, siagi ratili sita. Deni la plau.
Bi. Brekkestad, mayai dazeni tatu. Deni la plau, zimebaki senti thelathini.

Kumbe ardhi ilivunjwa na kuku!
Nacheka kwa sauti; mzee mwenye gazeti ananigeukia.
Ndevu si ushahidi, nataka kumwambia. Nafunua tena.

Januari, mwaka wa ile dhoruba:
Bi. Brekkestad, uzi mweusi, kibonge kimoja.
Misumari midogo, robo ratili.

Februari, tarehe tisa:
Bi. Brekkestad, misumari midogo, robo ratili.

Uzi hakununua.
Ule wa kwanza ulikuwa umebaki.

Kwa muda sifunui kitu. Bomba la joto lagonga ukutani.
Natazama mwandiko: wino uleule, herufi zimelalia kulia,
na chini yake, siku hiyohiyo, mtu mwingine kanunua sukari.

Saa kumi na moja Bi. Arlys anazima taa za nyuma.
Anauliza kama nitoe nakala ya ukurasa wa 412,
senti kumi tu, wengi huupenda kwa ajili ya picha.
Nasema, nitolee daftari.
"Lote?"
Lote. Hata kurasa za mayai.