Tangi

Dola mbili kila ukurasa, walisema,
na kurasa ni arobaini na moja.
Kiebrania kiingie Kiingereza.
Nikakubali kabla ya kuuliza ni kurasa za nini,
maana paa la parsela yetu ya Mabanga
linavuja pale pale anapolala Kasoki.

Kiebrania nilikisomea Zaburi.
Mwalimu Ndoole alitufundisha kwa vipande vya chaki,
herufi zikitoka kulia kwenda kushoto
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Hakutufundisha neno la mtutu,
wala la kitundu anachochungulia dereva.

Usiku wa kwanza: *merkava*.
Hilo nalijua! Nusura nimwamshe mtoto.
Ni magari ya Farao yaliyozama na farasi wake.
Ni gari alilotandika Yusufu
akaenda kumlaki baba yake,
akamwangukia shingoni, akalia kwa muda mrefu.
Nikaandika gari la kukokotwa na farasi.
Mteja akarudisha: farasi hakuna. Andika tangi.

Tangi.
Nikalitazama neno hilo mpaka jenereta ya jirani ikazimika.
Inasemekana Waingereza walilichagua ili kuficha siri,
adui adhani ni chombo cha maji kinachopita.
Vita vikaisha, siri ikajulikana,
neno likabaki limevaa kanzu yake ya uongo.
Sisi huku tunasema kifaru.
Hatukumficha mtu.
Tuliona ngozi, tukaona pembe,
tukasikia vikombe vikigongana kabatini.

Nikaendelea.
Kuna buldoza lenye urefu wa ghorofa,
askari wao hulibembeleza kwa jina la dubu,
yule wa pamba, wa kulala naye mtoto.
Kuna jingine, Mkatili,
na ukatili wake ni wa kike:
herufi moja mwishoni imemvika gauni.
Kiingereza hakina pa kulitundika gauni hilo,
Kiswahili nacho hakina.
Nikaliacha mlangoni.
Kuna moja linaitwa Zelda.
Zelda ni mtu. Ni shangazi wa mtu,
pengine alijua kupika samaki.
Nikaliacha hivyo hivyo, Zelda,
nikanywa maji, nikafungua ukurasa mwingine.

Mnyororo wake wanauita kiwavi.
Waingereza nao, kiwavi.
Na sisi tunasema katapila
bila kujua tumemtaja mdudu
anayetoboa majani ya maharagwe kule Kibati.
Lugha tatu zikakutana kwenye jani moja.
Sikufurahi.

Alfajiri ya siku ya nne
barabara ikaanza kutetemeka,
mawe ya volkeno yakisagana chini ya kitu kizito.
Mtu akapiga kelele nje: Tangi! Tangi linakuja!
Kasoki akaruka kitandani,
akanyakua bidoni ya njano,
kiatu kimoja, akatoka.
Nami nimekaa na kalamu,
nikilitafuta neno lile katika lugha nne
nijue nimrudishe au nimwache.
Kumbe mguu ulikuwa umeshajibu, nilikuwa getini
namshika mtoto kwa ukosi wa nguo.

Lori la maji.
Lilikuwa linavuja njia nzima,
na Mama Furaha wa pembeni
akikimbia nyuma yake na sufuria,
akikinga matone, akimtukana dereva.
Baba, uniachie, alisema Kasoki, tutakosa nafasi.
Nikamwachia.
Bei ilikuwa imepanda tena.

Kazi niliimaliza Jumamosi.
Kila mahali niliandika tangi, kama walivyotaka,
isipokuwa ukurasa wa tisa.
Pale niliacha gari la Yusufu,
na farasi, na shingo ya mzee.

Walinilipa dola themanini.
Mabati manne, misumari nusu kilo.
Ukurasa wa tisa hawakuulipa.