Miche Myeupe

Jumatatu niliotesha uwele katika visahani sita,
punje ishirini kila kimoja, juu ya pamba iliyolowa.
Vitatu nikavipa maji yetu ya Hombolo,
yale yenye chumvi, yanayoacha ukoko ndani ya sufuria.
Vitatu nikavipa maji hayohayo
pamoja na unga wa streptomaisini
uliokaa kwenye ncha ya kisu.

Wengi hudhani dawa itazuia kuota.
Haikuzuia. Siku ya nne miche ikachomoza,
huku ya kijani, kule myeupe:
si njano ya kukosa mbolea,
si kijivu cha ukungu,
myeupe kama meno ya utotoni.

Nyemo, anayefagia maabara, akaegemea ufagio.
“Hii umeipaka chokaa?”
Nikamwambia anisaidie kuisogeza dirishani.
Jua la Dodoma halina choyo, lilishinda juu yake
toka asubuhi. Ya kijani ikanywa.
Myeupe ikasimama mbele ya mwanga
kama mgeni aliyewekewa chakula na hana mikono.

Kitabu kinaeleza; nami naeleza kwa kinywa changu:
ndani ya jani mna majiko madogo ya kupikia jua,
na wapishi wake hawakuzaliwa humo.
Zama za zama, kabla ya mfupa, kabla ya nyasi,
walikuwa bakteria. Wakakaribishwa,
wakalowea, wakasahau kwao.
Dawa haisahau. Inabisha hodi,
inasikia lafudhi ya anayeitikia,
inazima moto.

Najua inavyobisha.
Mwaka wangu wa kifua kikuu, huko Mvumi,
nilichomwa sindano sitini, na baba
akihesabu kwa kuhamisha punje
kutoka kibuyu hiki kwenda kile.
“Leo upande gani?” aliuliza mzee Chilewa kila asubuhi,
akitikisa kichupa, bila kuniangalia usoni.
Kifua kikapona. Nikanenepa, nikarudi shule.
Kisha ndege wakaacha kuimba
upande wa kushoto.
Nilidhani wamehama.
Hata mama aliponiita kutoka kwenye karanga
niligeukia barabarani, nikaitika huko,
naye akadhani nina kiburi.

Siwezi kuilaani. Ningekuwa mchanga mimi.

Siku ya tisa miche myeupe bado imesimama,
inakula akiba ambayo mama yake
aliifungasha ndani ya punje kabla ya kukatwa.
Siku ya kumi na mbili akiba ikaisha.
Ikalala yote, vichwa kuelekea dirishani.

Nikaandika daftarini: myeupe, hamsini na saba.
Iliyo hai, sufuri.
Nikafuta sufuri.
Kwenye kisahani cha tano ulibaki mmoja
wenye mstari wa kijani pembeni mwa jani,
mwembamba kama uzi wa kushonea,
na mstari ule ulikuwa ukifanya kazi ya jani zima.

Sijui kama utafika mvua za Desemba. Sidhani.
Nilikuwa nimeinama, natafuta kalamu nyingine,
Nyemo akasema kitu kushotoni kwangu.
Nilipogeuka alikwishaondoka na ufagio wake.
Dirishani palikuwa na kopo la maziwa, udongo mwekundu,
na mche umesimama humo, umemwagiliwa.