Baina ya Mita na Mita

Kamera nimepewa na ofisi, nipige picha za mita,
mtu asije akasema namba nimezibuni kivulini.
Ndogo, yaingia mfuko wa shati pamoja na kalamu na risiti.
Kioo chake kina ufa tangu siku ile ya ngazi ya Limbani,
na nikiiwasha hutoa kichwa kama kobe,
ikaangalia kwanza kama pana usalama.

Kipangani, nyumba ya mwanzo: sifuri nne saba moja mbili.
Bopwe: tatu tisa sita sifuri nane, na mjusi juu ya waya.
Mjusi hakutakiwa.
Mjusi ndiye aliyenianzia.

Kwani baina ya mita na mita mna nini?
Mna njia. Na njiani mna jamvi la karafuu,
Jumatatu lingali kijani, Jumatano jekundu kama kutu,
Ijumaa limekolea, na nyayo za bata katikati
aliyepita bila ya kupiga hodi.
Mna ndara tatu mlangoni pa chuo, zote za kushoto.
Mna Bi Chumu anakamua tui,
jua limemwingia ndani ya kifumbu
likamtiririka naye, jeupe, hadi kiwikoni.

"Wanipiga mie, au wapiga mita?"
"Mita, Bi Chumu."
"Mita iko nyuma yako, mwanangu."

Ila ina ila yake. Ukibonyeza haipigi papo hapo,
yafikiri kwanza,
kama karani aliyeulizwa habari za pensheni.
Kuku nikimlenga, napata mkia.
Mtu akicheka, napata mdomo uliokwisha kufunga.
Nilikasirika miezi miwili. Wa tatu nikafahamu:
bonyeza kabla.
Siku hizi kicheko nakiona kingali tumboni,
kikombe nakiona kikiwaza kuteleza kwenye sinia,
na Hafidh nambonyezea mtaro hajauruka bado.
Basi yumo, hewani, kaptura imejaa upepo,
miguu miwili haina deni na ardhi.

Gizani hapana kitu, ni chenga tupu,
lakini hata chenga nazipenda:
uso wa muuza kahawa umetapakaa kama mchele,
makaa yake mekundu ndiyo pekee yaliyotulia.

Mwisho wa mwezi Raya huchomeka kadi kwenye kompyuta.
Namba. Namba. Bata.
Namba. Ndara. Namba. Beseni la shokishoki.
Huwa hasemi. Hubofya tu, utaji umemfunika nusu ya shavu,
nami hujua anafuta, nikajifanya nasoma kalenda.

Kumbe hafuti.
Amefungua faili pembeni, akalipa jina Mita Mbovu,
kila kisicho namba akakitia humo,
mwaka mzima, bila ya kuniambia,
mpaka akaja mkaguzi kutoka Chake na shanta lake la ngozi,
akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni:
imekuwaje Wete ikawa na mita mbovu mia sita na kumi na mbili?

Raya akaangalia meza. Mie nikaangalia mlango.
Mkaguzi akavaa miwani, akafungua ya kwanza.
Akafungua ya pili.
Feni ikazunguka. Chai yake ikafanya utando.
Alipofika ya arubaini alivuta kiti akakaa,
alipofika kwa Bi Chumu alirudi nyuma moja, akaja mbele tena,
na kidole chake kikawa juu ya kioo cha kompyuta,
kimegusa kitu kidogo kilichoko pembeni mwa jamvi.

"Bata huyu," akasema, "bata huyu ni wa nani?"

Nami nilikuwa nimekwisha kukiona,
huko chini, chini ya tai, kikipanda taratibu,
hakijafika shingoni.
Nikabonyeza.
Kamera ikaanza kufikiri.