Mizani Moja

Tumekutana saa tatu asubuhi, Shangani, penye posta ya zamani,
watu saba na mwavuli mmoja wa njano.
Thuwaiba, mtembezaji wetu, ana umri wa mjukuu wangu.
"Leo hatutazami milango," asema.
"Leo tunasikiliza waliokaa nyuma yake."
Nimempa elfu kumi na tano zangu kama mgeni yeyote.
Sikumwambia kuwa vichochoro hivi nimevipita mara mia tatu na ushei,
tochi mkononi, kalamu sikioni,
nikisoma mita.

Kila mtu na namna yake ya kuujua mji.
Mimi naujua kwa visanduku vyeusi chini ya ngazi,
kwa paka waliolalia fyuzi,
kwa sauti ya ndani: "Nani?" Nami: "Umeme!"
na kile kimya cha wenye deni.

Kiponda, atuonyesha dirisha la karani
aliyeandika hadithi nyuma ya risiti za karafuu.
Baghani, roshani ya mwalimu aliyechoma kitabu chake
kisha akakililia.
"Kiliungua chote?" auliza mama mmoja wa Wete.
"Kingeungua chote, mimi ningekuwa sina kazi."
Bwana harusi kutoka Mtwara ampiga picha mkewe,
mke apiga picha kashata.
Mimi nahesabu mita. Mazoea.

Halafu Kajificheni.
Kichochoro chakunja kiwiko,
na magoti yangu yanakitambua kabla ya macho.
"Hapa aliishi mwanamke. Jina halijulikani.
Umebaki ubeti mmoja tu, uliokotwa ndani ya kasha la cherehani."
Afungua daftari, asoma:

*Mlango nimeufunga, ufunguo natupa,*
*Asumini naitunga, wala sina wa kumpa,*
*Na usiku ukisonga, usingizi hunihepa,*
*Ukirudi, bisha hodi; mimi niko chini hapa.*

Wenzangu waguna kwa utamu.
Mimi sikio limejikwaa.
Ndani ya mfuko nakunja vidole: nane, saba.
Narudia. Nane, saba.
Mshororo wa kwanza unachechemea.

Bi Ruzuna.
Alikuwa akifungua ubawa mmoja tu wa mlango,
ufunguo wa chuma, mrefu kama upawa,
umening'inia shingoni kwa utepe wa kanga.
Miezi mitano hakulipa.
Kila nikija hunikalisha kizingitini:
"Wewe si unajua kuhesabu? Basi nihesabie hii."
Nami, kitabu cha madeni pajani,
nikahesabu: m, la, ngo, ni, me...
Mwezi wa sita ofisi ikanipa koleo.
Alinisubiri nimalize kukata waya,
kisha akanisomea ubeti wote, kizani,
bila kudondosha hata mizani moja.

"Sijatupa," nasema.
Sura zote zanigeukia.
"Si natupa, mwanangu. *Ufunguo sijatupa.*"
Thuwaiba achezesha midomo, ahesabu, ainua macho.
"Kumbe hakuwa amekata tamaa!"
"Hakuwa."
"Na jina lake?"
Namwambia. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa,
akaniuliza nimejuaje.
Nikasema nilikuwa nikipitapita hapa zamani.
Ya koleo sikuyataja.

Mwavuli wa njano washika njia ya Soko Muhogo.
Nyumba siku hizi ni ya wageni, mlango una kioo,
na chini ya ngazi pana mita ya tukuza,
kijitaa chekundu chakonyeza,
haina haja ya mtu kuja kuisoma.
Pembeni yake, palipopita waya wangu,
tundu limezibwa kwa saruji
na hakuna aliyekumbuka kulipaka rangi.

"Mzee, tusikuache!" waniita.
"Naja."
Lakini kidole, chenyewe, kimeshagonga ukuta
mara mbili.