Saa Kumi na Moja za Kusita

Novemba, Punta Arenas. Upepo umemvua mtu kofia
na kuipeleka mlangobahari bila kuomba radhi.
Uwanjani mwa shule taa ya jua iliwaka zambarau mchana kutwa:
watoto wasitoke. Juu yetu anga limetoboka tena,
lile tundu la kila mwaka,
na miale hushuka kama mgeni asiyebisha hodi.

Mimi ni Yasna, wa zamu ya usiku.
Kazi yangu ni kutazama.
Chini ya darubini ipo ngozi ya mkata manyoya mmoja,
kipande kama punje ya mchele. Si ya kaka yangu,
ila kazi yao ni ileile, jua lao ni lilelile.
Saa kumi na mbili jioni niliipiga miale, sekunde nne,
nikachagua seli moja, nikakaa nayo.

Kilichoharibika ni kidogo: herufi mbili jirani
zimegandana, kama kurasa zilizomwagikiwa asali.
Mashine ya kunakili inakuja mbio juu ya uzi,
inafika hapo,
inakwama.

Yupo fundi wa subira. Hukata kipande kibovu,
husoma uzi wa pili, huandika upya, hukagua.
Kazi yake safi; saa yake haina mshale.
Na yupo fundi wa kubahatisha, kibarua wa dharura:
"Weka yoyote, twende!"
Huyu ameokoa wengi, tusimtukane.
Ila siku moja huandika neno
ambalo miaka ishirini baadaye
daktari hulitamka polepole, mlango umefungwa.

Katikati yao yuko mlinzi, protini isiyolala.
Hupanda, hushuka, hupanda tena,
kama mtu anayechungulia chumba cha mgonjwa:
bado?
Usiku huu ameuliza mara mbili.
Akiuliza mno, seli hujikunja yenyewe, hujizima kwa adabu,
majirani wasichafuke.

Haraka haraka haina baraka. Sawa.
Ngoja ngoja huumiza matumbo. Sawa pia.
Waliozitunga hawakugombana;
kila mmoja alikuwa na kidonda chake.

Danko alipiga simu saa nne, kutoka shamba la Laguna Parda,
mbwa wakibweka nyuma yake.
Lile doa nyuma ya sikio limeota pembe, alisema, limekuwa na rangi mbili,
akacheka. Daktari Ojeda anamtaka Ijumaa.
"Baada ya msimu. Wamebaki kondoo elfu nne.
Nikitoka, Nahuel anashika mashine yangu,
na akishaishika hairudi."

Sikumjibu. Kwenye kioo
seli zisizoguswa zilikuwa zimegawanyika tayari,
zinasukumana, zinajaza nafasi
pembeni mwa yangu iliyosimama.
Anayesimama hupoteza uwanja. Danko hajawahi kuona darubini
na hilo analijua.

Saa tano. Saa nane. Chai imepoa, ikatengeneza ngozi yake.
Saa kumi na moja alfajiri, baada ya saa kumi na moja za kusita,
seli yangu imejiviringa, imebana kiuno,
imekuwa mbili.
Nimeangalia rangi ya jeraha: lipo.
Haikupona.
Ilichoka kungoja, au ilipiga hesabu;
kwa mbali huku sioni tofauti.
Nimeandika daftarini: *imegawanyika, na jeraha.*
Kalamu ikasita kwenye nukta.

Sasa nimevaa koti. Dirishani kumeshapambazuka,
mwanga mweupe, mzuri, usioaminika.
Laguna Parda ni saa tatu za barabara ya changarawe
na gari lina petroli ya kwenda.
Ya kurudi tutaitafuta hukohuko, mimi na yeye,
hata kama atakaa kiti cha nyuma akininunia,
mikono bado inanuka mafuta ya kondoo.